Ndama hulelewa kwa jasho: Kazi ya mikono inayoamua hatima ya zizi

KISIWA cha Remba hakina malisho ya kutajika. Ni mwamba mdogo katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, uliosongamana vibanda vya mabati ambamo wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huishi bega kwa bega.

Hata hivyo, pilkapilka za kisiwa hicho na vingine vya aina yake huhisika hadi ndani ya mazizi ya nchi kavu. Vijana wenye nguvu wanapofuata samaki ziwani, ng'ombe hubaki nyumbani. Kuanzia Mbita, Gwassi na Lambwe hadi Nyatike upande wa Migori, aghalabu kazi ya kuwatunza ndama huwaangukia akina mama, wazee na watoto.

Ni kazi isiyoimbiwa sifa. Mfugaji husifiwa kwa ukubwa wa fahali wake au kwa wingi wa mifugo aliyotoa mahari, wala si kwa asubuhi alizovutana na ndama akiwa ametota umande na kinyesi. Ilhali hatima ya zizi huamuliwa papo hapo, katika mwaka wa kwanza wa maisha ya mnyama.

Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya kati ya 2007 na 2010 uliwafuatilia ndama 548 wa kienyeji tangu walipozaliwa hadi walipotimiza mwaka mmoja. Ndama 88 miongoni mwao walikufa kabla ya kufikia umri huo. Takriban vifo vinne kati ya kila kumi vilitokana na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Kwa familia yenye ng'ombe watatu au wanne, kifo cha ndama mmoja si hasara ndogo. Ndama jike ndiye maziwa ya miaka ijayo, karo ya shule na mahari. Ndama dume ndiye maksai atakayevuta plau mvua itakaponyesha, katika eneo ambalo wakulima wengi wangali wanalima kwa ng'ombe.

Isitoshe, ng'ombe wa kienyeji asiyemwona ndama wake mara nyingi hukataa kutoa maziwa. Ndama akifa, huenda kibuyu nacho kikakauka.

Mzigo uliorudi nyumbani

Kazi hii haikuwa nzito kiasi hiki siku zote. Kwa miongo kadhaa serikali iliendesha majosho ya mifugo vijijini. Wafugaji walipeleka ng'ombe wao kwa siku maalumu, mifugo ikatumbukia katika dawa mmoja baada ya mwingine na kutokea upande wa pili bila kupe.

Mambo yalibadilika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipopunguza matumizi yake na kuanza kujiondoa katika huduma za mifugo. Majosho yalikabidhiwa jamii. Mengi yaliishiwa na dawa, mengine yakakosa maji, na mengine yakageuka magofu yaliyoota nyasi.

Kupe hawakujiondoa. Kazi iliyofanywa na josho kwa dakika chache ililazimika kufanyiwa uani, ndama mmoja mmoja, kwa bomba la mkono au la mgongoni, huku mtu mmoja akinyunyiza dawa na mwingine akimshikilia mnyama asiyetaka kushikwa.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za afya ya mifugo, na tangu 2013 serikali za kaunti ndizo zinazosimamia maafisa wa nyanjani. Hata hivyo, afisa hawezi kufika katika kila boma kila wiki. Mikono ya familia ndiyo kinga ya kwanza.

Saa sita za mwanzo

Ndama wa zebu huzaliwa akiwa na uzito wa karibu kilo 20, ilhali wa Friesian anaweza kuzidi kilo 35. Kwa kawaida ng'ombe wa kienyeji huzaa bila msaada, na kosa la kwanza la wengi ni haraka ya kuvuta.

Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua ikiwa imelala juu yake. Ikibidi avutwe, huvutwa wakati ng'ombe anaposukuma, na kupumzishwa ng'ombe anapopumzika. Nguvu huelekezwa chini kidogo kuelekea visigino vya ng'ombe, wala si kunyooka nyuma kama watu wanaovutana kamba. Watu wawili wanatosha. Wakishindwa, dawa si kuongeza wavutaji bali kumwita daktari wa mifugo, kwani huenda ndama amekaa vibaya.

Akishatoka, pua na mdomo husafishwa ute, mwili ukasuguliwa kwa nyasi kavu ili damu itembee, kisha kitovu kikapakwa dawa ya ayodini. Kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu.

Kinachofuata hakingoji. Tofauti na binadamu, ndama hapokei kinga ya magonjwa kutoka kwa mamaye akiwa tumboni. Huipata kupitia dang'a, yaani yale maziwa mazito ya kwanza yenye rangi ya manjano. Utumbo wake hupitisha kinga hiyo vyema zaidi katika saa sita za mwanzo, na baada ya siku moja mlango huo huwa umefungwa.

Kwa hivyo ndama mnyonge asiyeweza kusimama hana budi kunyanyuliwa, akashikiliwa kwa magoti ya mtu na kuelekezwa kwenye chuchu, hata kama ni saa nane za usiku na mvua inanyesha. Ndama wa kilo 20 anahitaji takriban lita mbili za dang'a katika kipindi hicho.

Mvutano wa kila alfajiri

Baada ya hapo huanza kazi inayorudi kila siku. Ndama wa kienyeji hulazwa mbali na mamaye usiku, na alfajiri huachiliwa anyonye kidogo ili ng'ombe ateremshe maziwa. Kisha hana budi kuondolewa kwenye chuchu na kufungwa karibu na kichwa cha mamaye, ambapo ng'ombe atamwona na kumlamba anapokamwa.

Hapo ndipo palipo jasho. Ndama mwenye njaa aliyeonja maziwa hujipinda, hupiga kichwa na kukita miguu ardhini. Anayemvuta mara nyingi ni mtoto anayekabiliwa na safari ya kwenda shule, au mama ambaye bado hajakwenda kuteka maji.

Ubavu hausaidii sana katika mvutano huu. Ng'ombe akishtuliwa kwa fimbo na makelele, mwili wake hutoa homoni ya hofu inayozuia ile ya kuteremsha maziwa. Fujo zizini, kwa hivyo, hulipwa kwa maziwa pungufu. Wakamaji wazoefu huongea na ng'ombe kwa sauti ya chini, humzoesha ndama kamba tangu wiki ya kwanza na humwachia chuchu moja kamili.

Pupa ya kukamua hadi tone la mwisho ni njia ya kumuua ndama polepole. Ndama aliyedhoofika kwa njaa hulemewa upesi zaidi na minyoo na magonjwa.

Kumshika bila kumuumiza

Kila juma, pengine mara mbili kupe wanapozidi, ndama hushikwa ili apuliziwe dawa. Kuna pia siku za dawa ya minyoo, chanjo, kuhasiwa na kuondolewa pembe. Anayejua kushika hutumia nusu ya nguvu za asiyejua.

Ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Kila mnyama ana umbali ambao mtu akiuvuka, hukimbia. Mtaalamu wa Marekani, Temple Grandin, alijijengea jina kwa kuwaeleza wafugaji jinsi ng'ombe anavyoona na anavyoogopa, na jinsi kivuli, kelele au kitu kinachoning'inia kinavyoweza kumfanya agome. Ndama hukusanywa polepole hadi kwenye kona ya zizi, na mtu humwendea kwa ubavuni, usawa wa bega.

Akishamfikia, mkono mmoja hupita chini ya taya na mwingine hushika shina la mkia, huku paja likimbana ndama ukutani. Kusimama nyuma yake ni kutafuta teke. Kusimama ubavuni karibu na mguu wa nyuma pia si salama, kwani ng'ombe hurusha teke la kuzunguka kwa pembeni.

Kumlaza ndama mdogo kuna utaratibu wake. Mshikaji humkaribia ubavuni, hupitisha mikono juu ya mgongo, mmoja akishika ngozi ya kiunoni na mwingine mguu wa mbele wa upande wa pili. Kisha humnyanyua kidogo kwa kutumia magoti yaliyokunjwa, wala si kwa kuinamisha mgongo, na kumteremsha taratibu juu ya mapaja yake hadi chini.

Ndama mkubwa hahitaji miereka. Kamba hufungwa shingoni kwa fundo lisilokaza, ikazungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha ikazungushwa tena kiunoni mbele ya miguu ya nyuma. Ikivutwa kwa nyuma kwa mkono thabiti, mnyama hulegea na kulala mwenyewe. Asiachwe amelala muda mrefu, maana gesi hujaa tumboni.

Kamba yenyewe ina sheria moja isiyovunjwa: isizungushwe kiganjani wala kidoleni. Ndama anapokurupuka, mkono uliofungwa humfuata, na kidole kilichobanwa kinaweza kukatika.

Kupe na kichaka

Ugumu wote huo una sababu ya kibayolojia. Kiini cha ndigana kali huishi ndani ya kupe wa kahawia anayependa masikio. Kupe huhitaji kunyonya kwa siku kadhaa kabla ya vimelea kukomaa na kuingia mwilini mwa ng'ombe, na kipindi hicho kifupi ndicho fursa ya mfugaji. Ndama anayekaguliwa mara kwa mara ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na kinenani huenda akanusurika.

Dawa huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Anayeizimua ili idumu huwafundisha kupe kuivumilia. Mpuliziaji hufunika pua na mdomo, huvaa glavu na mabuti, na hupulizia akiuachia upepo mgongo.

Ndama aliyeambukizwa huvimba tezi chini ya masikio na mbele ya bega, hupandwa na homa na huacha kunyonya. Baadaye hupumua kwa shida na kutokwa na povu puani. Dawa ipo, lakini hufaa zaidi inapotolewa mapema. Kwa sababu hiyo, mkono unaomshika ndama kila siku, na hivyo kuhisi uvimbe kabla haujaonekana, una thamani kubwa kuliko chupa ya dawa iliyochelewa.

Chanjo pia ipo, na chimbuko lake ni utafiti uliofanywa Muguga, Kiambu, katika miaka ya 1970. Ndama hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaikilini inayovidhibiti, naye hupata kinga ya miaka mingi. Chanjo hiyo huhifadhiwa katika naitrojeni yenye baridi kali, na ikishayeyushwa haina budi kutumiwa siku iyo hiyo. Kwa hivyo huwafaa majirani waliokubaliana kuleta ndama wao pamoja.

Katika Bonde la Lambwe kuna adui wa pili. Vichaka vinavyozunguka Mbuga ya Kitaifa ya Ruma vina historia ndefu ya mbung'o, nzi anayeeneza nagana kwa mifugo na ugonjwa wa malale kwa binadamu. Wafugaji wa huko wana sababu ya ziada ya kuwafunga ndama karibu na nyumba badala ya kuwaacha wafuate kundi vichakani.

Kila kazi ina umri wake

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga, na methali hiyo inaafiki zizi sawasawa na inavyoafiki ufuo wa ziwa. Kazi zinazomtesa mfugaji na mnyama ni zile zilizoahirishwa.

Pembe zinazochipuka huchomwa kwa chuma cha moto katika wiki za mwanzo, baada ya mtaalamu kudunga dawa ya ganzi. Zikiachwa zikaota mizizi kwenye fuvu, hukatwa kwa msumeno na damu nyingi. Ndama dume huhasiwa kwa koleo la Burdizzo, lenye jina la Mwitaliano aliyelivumbua, ambalo hubana mishipa bila kupasua ngozi. Kazi hiyo kwa ndama wa miezi michache huhitaji watu wawili. Kwa fahali wa miaka miwili huhitaji kijiji.

Ndivyo ilivyo kwa kamba pia. Ndama aliyefundishwa kufuata akiwa na kilo 25 atafuata akiwa maksai. Aliyeachwa mpaka akakaribia uzito wa mtu mzima kabla ya kuguswa atamburura mama wa watu hadi mtoni.

Mwili wa mlezi

Athari kwa walezi hazizungumzwi sana. Maumivu ya kiuno, nyayo zilizokanyagwa, mbavu zilizogongwa na viganja vilivyochunwa na kamba ya katani huhesabiwa kuwa sehemu ya maisha.

Yapo pia maradhi yasiyoonekana. Ugonjwa wa bruselosi humwingia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na vilevile kupitia maji ya uzazi na kondo la nyuma. Mwanamke mjamzito hapaswi kabisa kushughulikia uzazi wa ng'ombe, na yeyote anayesaidia anahitaji glavu. Kondo lizikwe, wala si kutupiwa mbwa.

Ndama anayedondokwa na mate na kushindwa kumeza asitiwe mkono mdomoni kwa kudhaniwa amekwamwa na kitu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Na mnyama aliyekufa ghafla huku akitokwa na damu puani au mkunduni asipasuliwe wala kuliwa, kwani hizo ni dalili za kimeta.

Hata kumnywesha ndama dawa ya minyoo kuna njia yake. Kidole gumba hupenyezwa pembeni mwa kinywa, mahali pasipo na meno, na kichwa huinuliwa kidogo tu. Kikielekezwa mbinguni, dawa huingia mapafuni.

Kuhusu watoto, sheria haikatazi mtoto kusaidia nyumbani. Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga dhidi ya kazi inayomhatarisha au kumnyima masomo. Mtoto wa miaka minane anaweza kumpelekea ndama maji na nyasi. Kumshikilia ndama anayechomwa pembe, au kupulizia sumu ya kupe, si kazi yake.

Kupunguza mzigo

Wepesi wa kazi hii hautegemei mashine. Uchochoro mwembamba wa miti iliyochimbiwa ardhini, ambao wafugaji wengi huuita krashi, humwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu watatu. Majirani watano wakijenga mmoja na kupanga siku ya kupulizia dawa pamoja, watakuwa wamelifufua josho kwa sura nyingine.

Malisho ya karibu nayo huokoa mgongo. Katika kituo chake cha Mbita, kinachoitwa kwa jina la mwasisi wake Thomas Odhiambo, shirika la utafiti wa wadudu la ICIPE liliendeleza kilimo kinachofahamika kama sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za matete kuzunguka shamba. Mimea hiyo hupambana na viwavi wanaotoboa mabua na gugu la kayongo, kisha hukatwa na kulishwa mifugo. Kwa anayebeba nyasi kichwani kutoka mbali, shamba linalomtolea mahindi na chakula cha ndama mahali pamoja ni nafuu maradufu.

Nafuu nyingine iko mikononi mwa walio ziwani. Baadhi ya fedha za samaki hurudi nyumbani zikiwa ng'ombe, kwani mvuvi hujua kwamba ziwa halina ahadi. Lakini mtamba aliyenunuliwa kwa fedha hizo humwongezea kazi yule aliyebaki. Anayetuma fedha za kununua ng'ombe na atume pia za dawa ya kupe, glavu na chanjo, na apange kuwa nyumbani siku ya kuhasi na kuondoa pembe. Siku hiyo hutangulia kujulikana kwa miezi. Ndama akishazaliwa, tarehe huhesabika.